Kitufe cha kurejesha: kutoka Sketchpad hadi taa za omena Takawiri

Najua nimepotea. Sikuwa mgonjwa, wala sijachoka na tarakilishi. Nilikuwa kisiwani Takawiri, kwa akina mama yangu, nikilipa deni. Deni lenyewe nilijitakia kwa kubofya kitufe kimoja katika programu ya kuchorea saketi. Nilipomaliza kulipa nikakaa nikajiuliza: aliyekiweka kitufe hiki hapa alikuwa anafikiria nini? Nikaanza kusoma, na kusoma kukanipeleka hadi mwaka 1963. Kwa hiyo leo ni historia. Wale waliokuja kutafuta kodi za programu wanivumilie, kodi zitarudi.

Kwa wale wasiopajua, Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria katika kaunti ya Homa Bay. Unapanda boti Mbita kama unayeenda Mfangano, na kabla hujafika Mfangano unauona mchanga wake mweupe. Watu wa huko ni wavuvi. Usiku wanavua omena, ambao Watanzania huwaita dagaa na Waganda mukene. Omena huvuliwa wakati wa giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauonekani, na huvutwa kwa taa. Zamani zote zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo pale Mbita ambapo wavuvi walikodi taa za betri zilizochajiwa kwa jua. Halafu kati ya 2013 na 2015, pale jirani Rusinga, mradi wa SolarMal wa icipe na Chuo Kikuu cha Wageningen ulifunga mitego ya mbu inayoendeshwa kwa sola katika nyumba zaidi ya 4,000, na nyumba hizo zikapata taa na mahali pa kuchajia simu. Kwa hiyo paneli na betri si mambo mageni pande hizi. Kinachokosekana mara nyingi ni kitu cha kuilinda betri isinyonywe mpaka ikafa.

Hapo ndipo nilipojiingiza mimi. Binamu yangu na wenzake saba walikuwa wamechanga pesa wakanunua betri nane za volti 12, za ampea-saa 7, kila mtu na yake, za kuwashia taa za LED ziwani. Nikasema nitawatengenezea bodi ndogo ya kukata umeme betri inaposhuka sana. Mimi ni mwandishi wa programu, si injinia wa umeme, lakini chuoni tulisoma saketi kidogo, na kiburi cha digrii mnakijua.

Saketi yenyewe ni rahisi, na naomba mnifuate kidogo kwa sababu kila kitu kinategemea hapa. Kuna kijidude kinaitwa TL431. Kina mguu mmoja unaopima volti. Volti ya mguu huo ikizidi 2.5, kinapitisha umeme na transista inawasha taa. Ikishuka chini ya hapo, kinafunga na taa inazimika. Betri ina volti 12, kwa hiyo huwezi kuiunganisha moja kwa moja na mguu huo. Unaigawa kwanza kwa rezista mbili. Ya juu nikaweka 10k, ya chini 2.7k. Gawanya 10 kwa 2.7 unapata 3.7, ongeza 1, zidisha kwa 2.5: inakuja volti 11.76. Betri ikifika 11.76, taa inazima, mvuvi anajua ni wakati wa kurudi, na betri inabaki na uhai wake. Betri za risasi hazipendi kukaushwa. Ukizishusha chini ya volti 10 na kitu na kuziacha hivyo, salfeti ya risasi inaganda kwenye sahani zake, na kesho hazichajiki vizuri tena.

Nilichora, nikaijaribu saketi ndani ya tarakilishi, ikafanya kazi. Kisha nikagundua kwamba ile transista niliyoichora mwenyewe katika maktaba yangu ilikuwa na miguu iliyopangwa vibaya. Nikairekebisha kwenye maktaba. Sasa mchoro ulikuwa bado na ile ya zamani, kwa hiyo nikafungua dirisha la kurejesha vijenzi vifanane na maktaba. Lilikuwa na vijisanduku vya kutia alama: umbo, maandishi, thamani, unyayo (ni pale mahali ambapo miguu ya kijenzi inalehemiwa). Nikaona uvivu wa kuchagua. Nikatia alama vyote, nikachagua mchoro mzima, nikabofya. Transista ikawa sawa. Nikashukuru Mungu, nikatuma faili kiwandani.

Sikukumbuka kwamba miaka mitatu kabla, kwa uvivu uleule, nilikuwa nimeihifadhi rezista katika maktaba yangu ikiwa na thamani ya 10k kwa kuwa ndiyo ninayoitumia zaidi. Rezista zote za mchoro zikawa 10k. Ile ya 2.7k ikawa 10k. Hesabu ikabadilika: 10 gawanya kwa 10 ni 1, ongeza 1, zidisha 2.5, inakuja volti 5. Bodi yangu ya kulinda betri ya volti 12 ilikuwa inasubiri betri ifike volti 5 ndipo ikate.

Dalili zilikuwepo. Orodha ya vifaa vya kununua ilisema rezista za aina moja tu, nami nikafurahi, nikaenda Luthuli Avenue nikanunua pakiti moja ya 10k nikamaliza. Ile LED ndogo nyekundu ya kuonyesha kwamba bodi inafanya kazi iliwaka kwa uhafifu, kwa sababu rezista yake ya 1k nayo ilikuwa imegeuka 10k. Nikamwambia binamu kwamba hiyo ni kubana matumizi ya umeme. Nilijaribu kila bodi kwa betri iliyojaa. Taa ikawaka. Sikujaribu hata moja kwa betri iliyoisha, jambo ambalo ndilo bodi ilitengenezwa kwa ajili yake!

Wiki chache baadaye, zikaja siku za mawingu, betri zikawa hazijai mchana. Simu ya kwanza ilisema betri moja imekufa. Kisha tatu. Kisha tano. Nikasema betri ni feki. Nilikwenda kwa mwenye duka aliyewauzia nikamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa, na yeye mzee mtu wa heshima akaniangalia tu. Aliyegundua ukweli ni binamu, ambaye aliishia darasa la nane. Aliichukua mita yake, akaigusisha kwenye bodi, akanipigia: "Injinia, hii rezista yako ya chini inasoma elfu kumi. Wewe uliniambia elfu mbili na mia saba. Ni mimi sijui kusoma ama ni wewe?"

Programu niliyotumia siitaji, kwa sababu ilifanya kile nilichoiambia. Na kitufe hicho kipo karibu katika programu zote za aina hii. Swali langu ni kilifikaje huko.

Mwanzo wake ni Marekani. Januari 1963 kijana aitwaye Ivan Sutherland aliwasilisha tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha MIT kuhusu programu aliyoiita Sketchpad. Alikuwa akiitumia tarakilishi ya TX-2 iliyokuwa Lincoln Laboratory, mtambo wa kujaza chumba ambao kumbukumbu yake, ukiipima kwa vipimo vya leo, haifiki kilobaiti 300. Mtu alichora kwenye kioo kwa kalamu ya mwanga. Wengi wanaikumbuka Sketchpad kama baba wa michoro yote ya kompyuta, na Sutherland alipata tuzo ya Turing mwaka 1988. Kwangu mimi kitu kikubwa zaidi ndani yake ni wazo la mchoro mama na watoto wake.

Unachora kitu mara moja, huyo ni mama. Kisha unaweka watoto wake popote, hata mia. Ukimbadilisha mama, watoto wote wanabadilika palepale. Sutherland alionyesha hili kwa kujaza karatasi na pembesita zilizoshikana kama sega la nyuki. Kisha akabadilisha umbo la msingi kuwa nusu duara, na karatasi nzima ikageuka kuwa kama magamba ya samaki. Niliposoma hapo nikacheka peke yangu. Niko Takawiri, nje watu wanapaa samaki, na mimi nasoma magamba ya mwaka 1963.

Sasa angalia. Mtoto wa Sketchpad alikuwa na vitu vichache sana vyake mwenyewe: mahali alipo, ukubwa wake, na amegeukia wapi. Basi. Mengine yote ni ya mama. Kwa mpango huo kitufe cha kurejesha hakihitajiki kabisa, kwa sababu mtoto hawezi kutofautiana na mama katika jambo la maana. Lakini Sutherland mwenyewe aliiona shida mbele yake. Alifikiria kuchora saketi za umeme, na katika tasnifu akaeleza kwamba saketi zinahitaji alama nyingi ambazo zilikuwa bado hazijachorwa vizuri na hivyo hazikuwa ndani ya maktaba. Fikiria: miaka zaidi ya 60 iliyopita, na tayari mtu analalamika kwamba kijenzi anachokitaka hakimo kwenye maktaba! Yeyote aliyewahi kuchora saketi anajua kilio hicho.

Rezista ilivunja mpango wa mama na watoto. Rezista zote zina umbo moja, miguu miwili, lakini kila moja ina thamani yake. Ya hapa ni 10k, ya pale ni 2.7k. Thamani ni ya nani, ya mama au ya mtoto? Ukisema ya mama, unahitaji mama mmoja kwa kila thamani, na utakuwa na maelfu ya mama. Ukisema ya mtoto, basi mtoto ameanza kuwa na maisha yake, na siku utakayomwambia afanane na mama itabidi mjadiliane.

Waliojibu swali hili vizuri mapema, kwa maoni yangu, hawakuwa wachoraji. Walikuwa watu wa hesabu kule Berkeley. Laurence Nagel, chini ya mwalimu wake Donald Pederson, aliandika programu ya kuiga tabia za saketi iitwayo SPICE, na iliwasilishwa hadharani mwaka 1973 katika mkutano uliofanyika Waterloo, Kanada. Iliandikwa kwa FORTRAN na kulishwa kwa kadi. Pale hakuna picha. Unaandika mstari mmoja kwa kila kijenzi, na kwa transista unaandika pia jina la modeli. Modeli unaieleza mara moja kwenye mstari wake, na transista hamsini zinaweza kuielekeza hiyohiyo. Usipoandika sifa fulani, SPICE inaijaza yenyewe.

Hizo thamani za kujazwa zina historia yake ya kuumiza watu. Ukiiambia SPICE kwamba una transista ya kawaida bila kueleza ukuzaji wake wa mkondo, itaichukulia kuwa 100. Hiyo ni namba nzuri kwa transista ndogo. Lakini chukua 2N3055, lile dude la chuma ambalo mafundi wetu wamelipachika kwenye amplifaya tangu enzi za wazazi wetu: karatasi yake ya maelezo inaahidi kati ya 20 na 70 kwenye ampea 4. Mwanafunzi akisahau kuweka modeli, saketi yake itafanya kazi vizuri sana kwenye skrini, na kwenye meza itamkatalia. SPICE haikusema uongo. Ilijaza nafasi uliyoiacha wazi. Na kwa kuwa programu hiyo ilitolewa bure kwa vyuo na viwanda, karibu kila programu ya kuiga saketi leo ni mtoto au mjukuu wake, na ile 100 imerithiwa pamoja naye.

Walakini kuna uzuri wake: katika SPICE, sifa uliyoiandika na sifa uliyoiacha ni vitu viwili tofauti ndani ya faili. Ukifungua faili unaona. Kurejesha kwenye thamani ya msingi maana yake ni kufuta maneno uliyoandika. Hakuna kitufe.

Halafu ikaja miaka ya themanini na tarakilishi za mezani, na mambo yakaenda kasi. Mwaka 1985 OrCAD ilianzishwa Oregon. Mwaka huohuo Nick Martin kule Tasmania akaanzisha Protel, ambayo mwaka 2001 ilibadilisha jina ikawa Altium. Mwaka 1988 kampuni ya CadSoft ya Ujerumani ikatoa EAGLE. Mambo mengi yameandikwa kuhusu ushindani wao nami nitayaruka. Kinachonihusu ni kwamba sasa watu walikuwa wanatumiana michoro kwa diski. Mchoro unaotegemea maktaba iliyo kwenye tarakilishi ya ofisini ni mchoro unaofunguka ofisini tu. EAGLE ikachagua nakala: unapochukua kijenzi kutoka maktaba, maelezo yake yote yananakiliwa ndani ya faili la mchoro. Mtumie rafiki faili, atalifungua hata kama hana maktaba yako. OrCAD nayo ikaweka ghala dogo ndani ya mradi lenye nakala za vijenzi ulivyotumia.

Ni uamuzi mzuri, nami ningeufanya vilevile. Lakini ndio uliozaa kitufe chetu. Ukishakuwa na nakala, nakala inazeeka. Maktaba inarekebishwa, mchoro haujui. Kwa hiyo lazima pawe na amri ya kusema "nenda kamwangalie mama kisha ufanane naye". EAGLE ina amri ya kusasisha. OrCAD Capture ina amri ya kubadilisha ghala, na hapo inakuuliza swali ambalo nimelitafakari sana siku hizi: sifa zilizo kwenye mchoro zihifadhiwe, au zibadilishwe kwa zile za maktaba? Swali moja, majibu mawili, kwa kijenzi kizima. Mtu aliyeliandika alijua kabisa kwamba kuna damu hapo.

KiCad ilipitia njia ndefu zaidi, na naieleza kwa kirefu kwa kuwa ni ya bure na ndiyo ninayowashauri vijana wa huku waanze nayo. Ilianzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras, aliyekuwa mwalimu katika chuo cha ufundi cha Grenoble, Ufaransa. Mwaka 2013 CERN, wale wa kugonganisha chembe chini ya ardhi ya Geneva, walitangaza kuichangia ili wahandisi waweze kushirikiana michoro bila leseni ghali. Kwa miaka mingi faili lake la mchoro lilikuwa nusu kwa nusu. Thamani na majina ya vijenzi yalikuwa ndani ya mchoro, lakini umbo na miguu vilikuwa maktabani. Mtu akibadilisha maktaba, ukifungua mchoro wako wa mwaka jana unakuta waya zimeachana na miguu. Kulikuwa na faili la pembeni la kuhifadhi maumbo, na toleo la 4 la mwaka 2015 likaleta chombo ambacho jina lake ni uokoaji, yaani kuokoa vijenzi ambavyo maktaba imevikimbia. Ukilisahau lile faili la pembeni unapomtumia mtu mradi, anakuta visanduku vyenye alama za kuuliza.

Toleo la 6, lililotolewa Desemba 2021, likamaliza hayo. Kila kitu kikaingizwa ndani ya faili la mchoro. Nakala ikashinda. Na dirisha la kusasisha vijenzi likawa muhimu kuliko awali, likiwa na vijisanduku vingi kuliko nilivyoona kwingine: kubadilisha maandishi ya sifa, kubadilisha kama yanaonekana, ukubwa wake, mahali pake, kufuta sifa ambazo maktaba haina, kufuta hata zile ambazo maktaba imeziacha tupu. Na unaorodheshewa sifa zenyewe, uchague moja moja. Mtu akiangalia mara ya kwanza anasema hawa watu wamezidisha. Mimi sasa naona kila kijisanduku ni kaburi la kazi ya mtu. Katika maktaba ya KiCad, kwa mfano, rezista ya kawaida ina thamani iliyoandikwa "R" tu. Ukirejesha thamani, 10k yako inakuwa R. Inaudhi, lakini ni kosa linalopiga kelele: hakuna duka la kukuuzia rezista ya R. Maktaba yangu mimi iliweka 10k, namba ya kuaminika, na kosa likanyamaza mpaka likafika ziwani.

Kuna mradi mmoja uliokuwa na jibu bora na haukupata umaarufu uliostahili. Ni gEDA, ulioanzishwa na Ales Hvezda mwaka 1998. Katika programu yake ya kuchora, sifa iliyo ndani ya alama ya maktaba inarithiwa, na sifa uliyoibandika wewe kwenye mchoro inaifunika. Ziko mahali pawili tofauti, kama katika SPICE. Kama hukubandika kitu, hakuna cha kurejesha. Kama ulibandika, basi uliamua. Programu nyingine nyingi hunakili thamani ya maktaba ndani ya mchoro siku ya kwanza, na baada ya hapo 10k niliyoiacha na 10k niliyoichagua baada ya kukokotoa usiku kucha zinafanana kama mapacha. Hapo hata programu yenye nia njema haiwezi kukusaidia. Haijui ulichotaka, inajua kilichoandikwa.

Niseme neno kuhusu lugha kabla sijaishia. Kile Waingereza wanachokiita difolti, Wakenya wengi walikijua kwanza kupitia mikopo: mtu aliyeshindwa kulipa. Na kweli mzizi wa neno lile ni upungufu, kukosekana. Waliotafsiri programu kwa Kiswahili wakatupa "chaguo-msingi". Mwanzoni sikulipenda, niliona ni refu na la kiofisi. Sasa nalipenda, kwa sababu linakubali jambo ambalo Kiingereza kinaficha: kwamba hilo nalo ni chaguo, kuna mtu alilichagua. Ile 100 ya SPICE ilichaguliwa na mtu Berkeley. Ile "R" ilichaguliwa na watu wa KiCad. Ile 10k nilichagua mimi, nikiwa na njaa, saa nane za usiku.

Deni nimelilipa hivi. Betri tano nilizinunua kwa pesa zangu, na nilizinunua kwa yule mzee mwenye duka, nikamwomba msamaha mbele ya mke wake. Hakusema mengi. Alinipunguzia bei ya ile ya tano, na hiyo iliniuma kuliko kama angenitukana. Bodi hazikuhitaji kutupwa: nilikuja kisiwani na pasi yangu ya kulehemu, nikatoa rezista ya chini kwenye kila moja nikaweka 2.7k, na ya LED nikaweka 1k. Siku mbili za kazi, stima ya sola, watoto wamenizunguka. Katika maktaba yangu rezista sasa haina namba. Nimeandika neno "JAZA", kwa herufi kubwa, na nimehakikisha orodha ya ununuzi inalionyesha hivyo hivyo.

Binamu hakuridhika. Aliniambia tusubiri betri iishe kweli mbele ya macho yetu. Basi tuliwasha taa moja juu ya meza ya jikoni saa moja jioni, mita imeunganishwa, tukaanza kuangalia namba zikishuka. Shangazi alipika, tukala, akalala. Saa tisa na dakika kidogo usiku mita ilisoma 11.8, na taa ikazima, tukabaki gizani tukicheka kama wajinga. Giza la mwezi huu linaanza Alhamisi. Taa zote nane zitakuwa majini.